Sikio la Gulumba

Ninyi mnaochora kwa kidole juu ya kioo, mkikosea mnagusa pembeni na kosa linapotea kana kwamba halikuwahi kuzaliwa, nawaonea wivu kidogo. Kidogo tu. Kosa langu mimi lilichapwa, likapakiwa kwenye maboksi, likasambazwa majumbani kwa watu, na watu wakanirudishia karakana wakiwa wamelishika kwapani.

Nilikuwa mchora mabango, Kizota. Kama umewahi kunyoa nywele Dodoma miaka ya nyuma, ukaona ukutani kijana mwenye shingo nene kuliko kichwa, huenda ni kazi yangu. Shingo zilinishinda. Nimechora ng'ombe wa mabucha, meno ya waganga wa meno, matairi, keki za harusi. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimefanya vizuri katika somo moja, na somo lenyewe halikuwa la kuchora. Mwishoni mwa kazi yangu, wakati wenzangu wa Ipagala wameshaanza kufuga kuku na kulalamikia magoti, mimi nilikuwa nachora madubwana. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu ndiyo niliyoiharibu, na kwa sababu kijana mmoja aliinuka mezani na kuondoka kutokana na kitu nilichokifanya kwa brashi nikiwa nimefurahi sana.

Aliyeniingiza huko ni Jesca, binti wa Area D, karani katika ofisi moja ya serikali. Alikuja karakana mchana wa jua kali, kashika simu yenye picha ya ng'ombe wangu wa bucha.

"Shikamoo mzee. Huyu ng'ombe umemchora wewe?"

"Marahaba. Kama umekuja kulalamika, si mimi."

"Silalamiki. Nataka unichoree mwingine, ila wangu awe anakunywa visima."

"Anakunywa kwenye visima."

"Hapana mzee. Anakunywa visima. Akiondoka, kisima hakipo."

Nikamwambia akae. Mtu akikuletea kazi ya namna hiyo, usimwache asimame mlangoni, wengine watamsikia.

Mchezo wake unaitwa Nyika Isiyolala. Wachezaji wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mtu wake wa kubuni: mmoja mganga, mwingine mwindaji, mwingine mpiga zeze. Msimulizi anasema, mmefika kisimani, kuna kitu kinapumua gizani. Wewe unasema utafanya nini, unarusha dadu zenye pande nyingi, na dadu zinaamua kama umefaulu au umeng'atwa. Hakuna mpira, hakuna skrini. Kuna kitabu chenye picha za madubwana na maelezo ya tabia zao, na kuna watu wazima wenye ajira wanaobishana kwa uchungu kuhusu mnyama asiyekuwepo. Walikuwa wanacheza kila Jumamosi alasiri barazani kwa Jesca, makarani, wanafunzi wa chuo, mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa anacheza jambazi na kulifurahia mno. Baadaye zikazaliwa meza nyingine mjini, kisha mikoa mingine, na wote wakaungana kwenye kundi moja la simu.

Nilijifunza uchoraji kwa Fundi Salehe, Mungu amrehemu, mtu mfupi aliyekuwa anapanda ndoo ili aonekane anafikiri. Alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, ng'ombe wa bucha lazima atabasamu. "Mteja akiona ng'ombe ana huzuni," alisema, "atakwenda kununua maharage." Ya pili, kama huwezi kuchora kwato, chora majani. Mimi kwato zilinishinda kuliko hata shingo, kwa hiyo ng'ombe wangu wote, wa bucha la Ipagala mpaka wa bucha la stendi, walikuwa wamesimama kwenye majani mpaka magotini. Watu walidhani nina mapenzi na malisho. Nilikuwa naficha miguu.

Kanuni ya tatu ni yangu, na hii mkiichukua itawasaidia: ukitaka kuchora kitu kisichokuwepo, anza na kilichopo. Kwa hiyo nilikwenda mnadani. Nikasimama mbele ya dume moja jeusi lenye nundu, nikaanza kuchora. Kijana aliyelishika kamba akanitazama muda.

"Mzee, unamchora ng'ombe wa watu ili iweje?"

"Nataka kumgeuza awe dubwana."

Akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Kakukosea nini?"

Nikachora nilichokiona: nundu, pembe, mdomo. Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa mara mbili, mkato mmoja nchani na mwingine pembeni kwa chini. Nikaichora na hiyo mikato. Sikuuliza. Mimi ni Mgogo, lakini baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa mjini, na mfugo pekee tuliokuwa nao ulikuwa paka. Nilidhani ng'ombe kajichana kwenye miiba.

Nyumbani nikamwongezea mabega ya fisi, ulimi unaofika chini kama kamba ya kisimani, na macho mawili ambayo moja liko juu kidogo kuliko jingine. Hilo la macho ni la kufundishana: macho yakilingana sana, dubwana anafanana na mtu wa picha ya kitambulisho. Tabasamu la bucha likaja lenyewe, mkono ulikuwa umeshazoea. Miguu, bila shaka, nikaifukia kwenye majani. Jesca akamwita Gulumba. Nikamkabidhi, nikachukua baiskeli yangu, nikaenda zangu.

Hapo ndipo kosa la kwanza. Sikuwahi kukaa kwenye ile meza. Nilichora, nikakabidhi, nikaondoka, kama mtu anayepanda mti na asiulize kama una kivuli. Yaliyotokea siku Gulumba alipoingia mchezoni nilikuja kuhadithiwa na Jesca, tena nikiwa nimeshaharibu.

Siku hiyo Jesca aliinua picha, akasema, huyu hapa, yuko kisimani, mnafanya nini? Wote wakapiga kelele za mikuki na mishale. Mwalimu akataka kumtegea sumu. Kulikuwa na mchezaji mgeni, Stephano, kijana wa kuchomelea mageti hapa Kizota, aliyekuja mjini kutoka kijiji cha upande wa Bahi. Alikuwa hajasema neno tangu akae. Akaisogeza picha karibu.

"Huyu ana mwenyewe," alisema.

"Nani ana mwenyewe?"

"Gulumba. Amekatwa sikio. Mkimuua tutaulizwa."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaeleza kwamba kwao ng'ombe anakatwa sikio akiwa ndama, kila ukoo na mkato wake, na kwamba ukimkuta ng'ombe mwenye alama porini, hata awe mkorofi namna gani, hupigi mkuki. Unatafuta mwenyewe.

Jesca ni msimulizi mzuri. Angeweza kusema, kijana, ni mchoro tu. Akasema, "Sawa. Ana mwenyewe. Ni nani?"

Kuanzia hapo mchezo mzima ukageuka. Gulumba hakuwa tena mnyama wa kuua. Akawa mnyama aliyepotea, mwenye kiu, anayemaliza maji ya watu, na kazi ya wachezaji ikawa kumswaga, kumdanganya kwa chumvi, kumtafutia mwenyewe kabla visima havijaisha. Stephano akamfanya mtu wake kuwa mtoto wa mwenye ng'ombe. Meza nyingine zikasikia, zikafuata. Kulikuwa na watu Mbeya na Tanga, hawajawahi kumiliki hata mbuzi, wanaomtafuta mwenye Gulumba mwaka wa pili huo. Na yote yametoka kwenye sikio nililolichora bila kufikiri.

Mimi nilikuwa karakana napaka rangi mlango wa saluni.

Kisha Jesca akaniingiza kwenye kundi la simu, kwa heshima, ili nione jinsi watu wanavyopenda kazi yangu. Kijana, ukitaka kulala usingizi, usiingie mahali wanapojadili picha zako. Ujumbe mia wa kusifu sikumbuki hata mmoja. Nakumbuka mmoja tu, wa mtu aliyejiita Mfalme wa Dadu: "Madubwana wetu wanaonekana kama wanauzwa kwa kilo."

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba Gulumba anatabasamu kwa sababu kajua maini yake yamenunuliwa.

Nilikaa na maneno hayo kama mchanga kiatuni. Na toleo la pili la kitabu lilikuwa linaandaliwa, safari hii la rangi, lichapwe kwenye kiwanda cha kweli. Nikamwambia Jesca kwamba nitachora upya wote. Akasema si lazima, wachache tu wanahitaji kusafishwa. Nikasema wote.

Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Nilijifunza misuli. Nilijifunza kwato, katika umri ule, kwa kukaa machinjioni mpaka wakanizoea na kuniwekea kiti. Nilichora kila mshipa. Bibi wa Kisima, dubwana mwingine niliyemchorea Jesca toleo la kwanza, ambaye zamani alikuwa kikongwe mnene mwenye ndoo, nikampa kiuno. Gulumba nikamtoa tabasamu, nikampa kifua, nikafagia majani yote na kumsimamisha kwenye ardhi kavu iliyopasuka, ili ulimwengu uone kwamba mzee sasa anajua kwato. Na lile sikio lililochanika, nikalirekebisha. Yote mawili mazima, yamechongoka kama mikuki.

Jesca alipoiona picha aliweka kidole kwenye karatasi.

"Mzee wangu, sikio hili…"

"Nimelirekebisha."

"Ndiyo, nimeona. Ila lile la zamani…"

"Jesca. Mchoraji ni nani hapa?"

"Ni wewe, mzee."

"Basi."

Akainamisha kichwa, akasema asante mzee, akaondoka na bahasha. Mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mtu wa umri wa baba yake mara ya tatu, na mimi nililijua hilo, nikalitumia. Alitaka kunieleza kitu nilichotakiwa kukijua, nikaifanya heshima yake kuwa mlango, nikamfungia nje. Katika yote niliyokosea, hapa ndipo ninapopakumbuka nikiwa nanyoa ndevu.

Vitabu vikatoka. Kundi likalipuka.

"Gulumba kafukuzwa bucha, kaajiriwa ulinzi," aliandika mmoja.

"Huyu si Gulumba. Ni kaka yake aliyesoma."

"Naomba mwenye Gulumba wa zamani anitumie. Huyu hata ukimpa maji atakuuliza kitambulisho."

Mama mmoja wa Mbeya, mke wa mchungaji, alisema yule wa zamani alikuwa ng'ombe mwenye matatizo, anaweza kuombewa, lakini huyu ni pepo kamili na kitabu hakitalala ndani ya nyumba yake. Kuhusu Bibi wa Kisima mpya, mwalimu aliandika: "Zamani wanaume walikuwa wanamkimbia. Sasa wangu kauliza kisima kiko wapi." Na Mfalme wa Dadu, yule yule wa kilo, akaandika insha ndefu yenye utangulizi na hitimisho, kwamba tumeipoteza roho ya madubwana wa awali, kwamba tabasamu lile lilikuwa ndilo linalotisha, kwamba anadai kuombwa radhi. Nikasoma mpaka mwisho nikiwa nimesimama.

Kisha nikafanya kile ambacho hamtakiwi kufanya kamwe. Nikajibu. Nikarekodi ujumbe wa sauti, na karakana jirani walikuwa wanasaga chuma, kwa hiyo nikapaza sauti.

"Ninyi watoto," nilisema, "mlitaka vizuri, nimewapa vizuri. Sasa mnataka vibaya. Basi mngeniambia tangu mwanzo nisijisumbue kujifunza kwato."

Kufikia jioni walikuwa wameutengenezea muziki. Midundo ni dadu zinazorushwa mezani, na mimi naitikia: nisijisumbue, nisijisumbue, kwato. Mpaka leo kuna bajaji ya Ipagala inaupiga. Dereva hajui kwamba aliyekaa nyuma ndiye mwimbaji.

Nilidhani hiyo ndiyo shida yangu, kelele. Mnisikilize hapa. Wanaopiga kelele kuhusu picha yako bado wanayo. Wameikumbatia hivyo hivyo, wanaitukana kama mtu anavyomtukana shemeji. Shida ilikuwa kwa mmoja ambaye hakuandika chochote.

Jesca alikuja karakana wiki kadhaa baadaye, akakaa juu ya kopo la rangi. Hakuwa na simu mkononi.

"Mzee, Stephano ameacha."

"Stephano yupi?"

Ndipo akanihadithia yote, sikio, mwenyewe, visima, kuswaga. Akaniambia na lile ambalo Stephano alikuwa amemwambia yeye tu. Ile mikato miwili, nchani na pembeni chini, ni alama ya ukoo wao. Baba yake alikuwa na kundi la ng'ombe. Ukame ulipita na wengi, waliobaki wakauzwa mnadani kabla hawajafa. Kwenye zizi lile sasa mama yake kapanda maboga. Kijana alikuja mjini kuchomelea mageti, akaalikwa mezani na mtu, akaonyeshwa picha, akakuta ng'ombe wa baba yake anatabasamu.

"Alisema nini alipoondoka?" niliuliza.

"Aliiangalia picha mpya. Akasema, huyu si wetu. Akatia dadu zake kwenye soksi, akaaga vizuri."

"Na wewe ulitaka kuniambia. Kuhusu sikio."

"Nilitaka, mzee."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Karakana ya Stephano ilikuwa mtaa uleule, nyuma ya mashine ya mbao. Nilikuwa nimepita mbele yake mara zisizohesabika. Nilimkuta amevaa miwani ya kuchomelea, akaivua haraka aliponiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemchora Gulumba."

"Najua, mzee. Ule wimbo wako tunao hapa."

Wenzake wakageuza nyuso ukutani. Nikavumilia.

"Nimesikia umeacha mchezo."

"Haina shida, mzee. Mchoro ni mzuri."

"Niambie kweli."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ni mzuri. Ila sasa hana mwenyewe. Wachezaji wapya wanafungua kitabu, wanaona mnyama wa porini. Wiki iliyopita wanafunzi wamemuua. Dakika za mwanzo tu. Wakachoma nyama, wakarushia dadu kujua kama imeiva."

"Ikaiva?"

"Iliungua." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Nilikuwa nimebakiza kidogo nimfikishe nyumbani, mzee."

Nikamwambia nitamchora upya. Nikachukua penseli mezani kwake na kipande cha ubao kumwonyesha. Mkono ukaanza. Ulikuwa umeanza tangu kazi ya kitabu ilipoisha, mtetemeko huu mnaouona, lakini nilikuwa nauficha kwa kushika vikombe kwa mikono miwili. Mstari wa pembe ukatoka kama njia ya mlevi. Nikajaribu tena. Kijana akatazama pembeni, kwa adabu, na ile adabu ikaniuma kuliko wimbo.

"Hata hivyo vitabu vimeshachapwa," nilisema.

Aliugeuzageuza msumeno mdogo wa chuma. "Ndama hazaliwi na sikio lililokatwa, mzee," alisema polepole. "Anakatwa."

Tukatazamana.

"Lakini mimi siwezi kukata tu. Alama ni ya baba. Mpaka akubali."

Akampigia simu palepale, kwa sauti ya juu kama wanavyoongea watu na wazee wa kijijini. Aliongea Kigogo, nami nikafuata. Baba, kuna ng'ombe wanataka alama yetu. Ng'ombe gani? Wa kwenye kitabu. Kimya kirefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha sauti ya mzee: wako wapi? Kwa watu, baba, kila mtu na wake. Mzee akaamua: Wakusanyeni, nakuja kuwaona.

Jesca akaandika kwenye kundi: mwenye kitabu na anayetaka Gulumba wake akatwe sikio, Jumamosi, Kizota, karakana ya Mzee Kwato. Ndilo jina langu sasa, mlizoee.

Walikuja. Sikutegemea. Waliingia na vitabu vimefungwa kwenye kanga, kwenye mifuko ya kompyuta, mmoja kwenye boksi la keki. Mwalimu alikuja na mume wake, kumlinda na Bibi wa Kisima. Mfalme wa Dadu alikuwa karani mwembamba mwenye tai, akaniamkia kwa sauti ndogo sana, nikamwitikia nikiwa nimemshika mkono muda mrefu kuliko alivyopenda.

Baba yake Stephano, Mzee Yona, alishuka kwenye bajaji na fimbo yake na koti lililopigwa pasi.

"Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," nikajibu, kwa lafudhi yangu ya mjini, na akaniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wa kununua.

Walianza. Mzee Yona alibana kitabu juu ya meza kwa viganja viwili, kama unavyombana ndama kichwa, na Stephano akakata kwa wembe, nchani, kisha pembeni chini. Watu walipanga foleni. Kila sikio lilipokatwa mzee alisema jambo la chini kwa chini kwa Kigogo na kusukuma kitabu mbele, aje mwingine. Hakuna aliyecheka. Mtu wa nne hivi ndiye aliyegeuza ukurasa na kukuta wembe umetokea upande wa pili, kwa Bibi wa Kisima, umemtoboa ndoo. Nikajua sasa nimekwisha. Lakini Mfalme wa Dadu akainua kitabu kwenye mwanga, akachungulia kupitia tundu.

"Ndiyo maana haijai," alisema. "Ndiyo maana ana hasira."

Wakalipitisha hapohapo kuwa sheria ya mchezo. Nimekaa na mashabiki hawa miaka, bado sijui wanataka nini.

Foleni ilipopungua Mzee Yona akachukua kitabu kimoja, akakiweka mbali na macho kama wanavyosoma wazee. Nikasubiri. Wote waliokuwa wamenihukumu walikuwa mashabiki. Huyu alikuwa mwenye ng'ombe.

"Pembe nzuri," alisema.

"Asante, mwenzangu."

"Kifua kikubwa, lakini sawa." Kidole chake kikashuka, kikapita mbavu, kikapita magoti, kikasimama. "Umemsimamisha kwenye vumbi."

"Nilitaka kwato zionekane."

"Kwato nimeziona. Atakula nini?"

Kwenye kundi walikuwa wamelalamikia tabasamu, misuli, sikio, macho, kiuno cha bibi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza hilo. Yale majani niliyokuwa nayachora kuficha uvivu wangu ndiyo yalikuwa yamemlisha mnyama yule muda wote, nami nikayafagia ili nisifiwe miguu.

Nikavuta kiti. Nikaomba kalamu ya wino ya kijani, mwalimu akanipa ya kusahihishia. Upepo ulikuwa unainua ukurasa. Stephano akatia mkono mfukoni, akatoa soksi, akaifungua, akaweka dadu zake moja moja kwenye pembe za karatasi kuizuia.

Nikaweka ncha ya kalamu kwenye lile vumbi lililopasuka. Mkono ukaanza mtetemeko wake, na safari hii sikuuzuia. Mstari wa pembe unahitaji mkono uliotulia, shingo pia, kwato ndiyo usiseme. Majani hayahitaji. Jani liliinuka likiyumba, la pili likayumba upande mwingine, la tatu likalala kidogo kama limepitiwa na upepo. Sijawahi kuchora majani mazuri namna ile nikiwa mzima. Nikayafikisha kwenye kwato, nikazifunika moja baada ya nyingine, zile kwato zangu za machinjioni, mpaka magotini.

Nikamsogezea Mzee Yona kitabu. Alitazama sana. Watu walikuwa wameinama juu ya mabega yetu, Jesca ameshika mdomo.

"Ongeza," alisema.

Nikaongeza.